Blenda ya volti 120 kwenye soketi ya volti 230: jinsi ya kutumia vyombo vya jikoni vya nje bila kuviunguza

Adapta haishushi umeme. Inabadilisha umbo la meno ya plagi ili yaingie kwenye soketi, basi. Volti 230 zinazotoka ukutani zinapita ndani yake kama zilivyo na kuikuta blenda iliyotengenezwa kwa volti 120. Blenda inazunguka kwa kishindo, wenye nyumba wanafurahi sekunde mbili tatu, halafu kunatoka moshi na harufu ya vanishi iliyoungua. Vyombo vingi vinavyoletwa na ndugu kutoka Marekani, kwenye begi au kwenye kontena, vinafia hapo, siku ileile ya kufunguliwa.

Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230. Kenya na Uganda ni 240. Kongo na Burundi 220. Kote huko ni hezi 50, maana yake umeme unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Marekani na Kanada wana volti 120 na hezi 60. Japani wana volti 100, na hezi zao zinategemea mahali: Tokyo na upande wa mashariki ni 50, Osaka na magharibi ni 60. Ghuba ni nafuu kwetu. Chombo kilichonunuliwa Muscat au Dubai kwa matumizi ya huko kina volti zetu, hezi zetu na hata plagi yetu ya meno matatu bapa. Saudi Arabia ndiyo ya kuangalia vizuri, kwa sababu kule umeme ni wa hezi 60 na nyumba za zamani zina soketi za volti 127.

Hatua ya 1: Soma kibati kabla ya kutafuta plagi

Geuza chombo. Kwenye kitako au mgongoni kuna kibati cha bati au karatasi ya rangi ya fedha yenye maandishi madogo. Yakikushinda, yapige picha kwa simu uyakuze. Unatafuta namba tatu: ile iliyo kabla ya V (volti), iliyo kabla ya Hz (hezi), na iliyo kabla ya W (wati). Pasipo na wati utakuta ampea, yaani herufi A. Zidisha volti kwa ampea upate wati: 120V na 12A ni wati 1440.

Ukikuta 100–240V, 50/60Hz, huna kazi. Chombo kinapokea umeme wa nchi yoyote, na hapo adapta inatosha. Mara nyingi ni vitu vidogo vyenye chaja, kama mizani ya jikoni au blenda ya mkononi ya betri. Kibati cha kusoma hapo ni cha chaja yenyewe, maana chaja ndiyo inayokutana na ukuta.

Ukikuta 220–240V, kinafaa hata kama kimenunuliwa Ujerumani au China. Kitakachobaki ni suala la plagi, ambalo lina sehemu yake huko chini.

Ukikuta 110V, 120V au 100V peke yake, simama. Hicho kinahitaji transfoma, yaani kifaa cha kushusha volti, au kinahitaji kubaki kilikotoka.

Vichache vina kiswichi kidogo cha kuteleza, aghalabu chekundu, kilichoandikwa 115 upande mmoja na 230 mwingine. Kisogeze kwa bisibisi kabla ya kuchomeka, kamwe si baada.

Kuna kosa moja linalojirudia. Mtu anaona "120V 50/60Hz", jicho linashika ile 50/60, anasema "hiki ni cha kote". Hezi za kote hazikifanyi kuwa cha volti za kote. Volti 120 ni 120. Na muuzaji akikuambia kinafaa huku ilhali kibati kinasema vingine, kiamini kibati.

Kwa nini kinaungua hata kikiwashwa dakika moja

Chukua jungu la presha la umeme, Instant Pot ya Marekani ya kwati 6, yaani karibu lita sita. Kibati chake kinasema 120V, 1000W. Kwa volti 120 elementi yake, ile koili ya kupasha joto, inavuta ampea 8.3, na ukipiga hesabu ukinzani wake, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, ni omu 14.4. Elementi haijui iko nchi gani. Ukinzani wake unabaki palepale. Ipe volti 230 na sasa itavuta karibu ampea 16, ambazo ni wati 3,670 kwenye sufuria iliyotengenezwa kwa 1000. Volti zimekaribia kuwa mara mbili, joto limekaribia kuwa mara nne.

Wengi wanategemea fyuzi ya plagi iwaokoe. Fyuzi ya ampea 13 inaweza kubeba ampea 16 kwa muda mrefu bila kukatika, kwa sababu imewekwa kulinda waya. Chombo hakimo kwenye hesabu yake. Itakapokuja kukatika, fyuzi ya joto ya ndani imeshakwenda, au bodi ya kielektroniki.

Hatua ya 2: Amua kama kinastahili transfoma

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo tuchukue muda.

*Vya joto tupu:* birika la umeme, tosta, kikaango cha umeme, jiko la wali. Hivi vinafanya kazi kwenye transfoma bila matatizo, ila havistahili. Soketi ya kawaida ya Marekani inatoa ampea 15 tu, ndiyo maana birika zao nyingi huishia wati 1500. Ili uitumie huku utahitaji transfoma ya wati 2000 yenye uzito wa kilo zaidi ya kumi, ikae jikoni inaunguruma, kwa kazi ambayo birika la dukani Kariakoo la wati 2000 linaifanya haraka zaidi kwa bei ya chini ya transfoma hiyo. Waambie ndugu wasipakie. Kama limeshafika, mpe anayerudi nalo.

*Vya mota yenye kaboni:* mashine ya kukandia unga, blenda, mashine ya kusagia kahawa, mikisa ya mkononi. Mota ya kaboni, yaani yenye vipande vidogo vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, haijali hezi 50 au 60. Inajali volti tu. Utaitambua kwa sauti kali ya kupiga yowe, kwa kuwa na spidi nyingi, na ukichungulia kwenye matundu ya hewa gizani utaona cheche ndogo za buluu. Mashine ya KitchenAid ya kukandia yenye wati 325 ndiyo mfano mzuri wa chombo kinachostahili: bei yake ni kubwa, inadumu miaka mingi, na transfoma ya wati 1000 inaitosha hata kwa unga mgumu wa chapati. Blenda kubwa za ampea 12 ni hadithi nyingine. Zile zinataka transfoma ya wati 3000, na kwa gharama hiyo ni heri kutafuta ya volti 240 hata iliyotumika.

*Vya mota isiyo na kaboni:* friji, friza, feni ya jikoni, baadhi ya mashine za barafu. Mwendo wa mota hizi unaamuliwa na hezi. Mota ya hezi 60 ikipewa 50 huzunguka kwa sehemu tano tu kati ya sita za mwendo wake: iliyokuwa inazunguka mara 1725 kwa dakika itazunguka kama mara 1440. Kibaya zaidi, chuma chake kinajaa sumaku kupita kiasi na kinapata moto hata bila kazi. Transfoma haiponyi hilo, kwa sababu transfoma inashusha volti tu. Hezi zinaingia 50 na kutoka 50. Juu yake, kompresa ya friji inapoanza huvuta mara tano mpaka saba ya umeme wake wa kawaida. Friji la Marekani liache Marekani.

*Maikrowevu:* ina matatizo mawili kwa pamoja. Ndani yake kuna transfoma nzito iliyopimwa kwa hezi 60, na kwa hezi 50 inapata moto kupita kiasi. Pia saa ya nyingi huhesabu mapigo ya umeme, kwa hiyo ukiweka dakika 5 itakaa dakika 6, na saa yake ya kuonyesha wakati itachelewa dakika 10 kila saa. Usidanganywe na wati zilizoandikwa mlangoni. Zile ni za kupasha chakula. Maikrowevu ya wati 1000 za chakula huvuta karibu 1500 ukutani. Usiilete. Za aina ya inveta, zenye bodi ya kielektroniki badala ya ile transfoma nzito, zinavumilia hezi vizuri zaidi, lakini volti zake bado ni 120.

*Vya Japani:* majiko ya wali ya Japani yanaingia kwa wingi na mizigo ya mitumba, na mengine ni mazuri kweli. Tatizo ni kwamba transfoma nyingi sokoni ni za 220 kwenda 110, yaani zinagawa umeme kwa mbili. Nyumba yenye volti 240 itapata 120. Kwa chombo cha Marekani hiyo ni sawasawa kabisa. Kwa jiko la volti 100 ni joto la asilimia 44 zaidi, wali unaungua chini na elementi haifiki mwaka. Tafuta transfoma yenye tundu au swichi ya 100V hasa.

*Jiko kubwa la umeme la Marekani lenye oveni:* wengine wanasoma "240V" kwenye kibati na kushangilia. Jiko hilo linategemea nyaya mbili za moto (zinazoleta umeme) na nyutro (waya wa kuurudisha) katikati, ili plati zipate 240 na vitu vidogo, kama taa ya oveni, saa, na mara nyingine bodi ya kuwashia, vipate 120. Sisi tuna waya mmoja wa moto na nyutro. Fundi akiunganisha kwa kukisia, plati zitawaka vizuri na bodi itakufa. Kazi hiyo inahitaji fundi anayesoma mchoro wa waya, ambao mara nyingi umebandikwa nyuma ya jiko au umekunjwa ndani ya kifuniko, na atakayeweka transfoma ndogo kwa ajili ya upande wa 120 tu.

Hatua ya 3: Kununua transfoma

Anza na hesabu. Kwa kitu cha joto tupu, wati zake zidisha kwa 1.25. Kwa mota, zidisha kwa 2 mpaka 3, kwa sababu mota huvuta sana inapoanza na inapokwama kwenye unga. Mashine ya wati 325 mara tatu ni 975. Nunua ya 1000. Usinunue ya 500 kwa sababu 500 ni kubwa kuliko 325. Itafanya keki, ila siku ya kukanda kilo ya unga itachemka.

Kisha pima kwa mkono. Transfoma ni chuma na waya wa shaba, na hakuna njia ya mkato kwenye uzito. Ya kweli ya wati 1000 ina kilo 4 au zaidi. Boksi limeandikwa 2000W na unalinyanyua kwa vidole viwili? Imeandikwa kwa matumaini. Angalia pia kama karibu na wati kuna neno "MAX" au "PEAK"; wati hizo ni za sekunde chache, na za kufanyia kazi ni karibu nusu yake.

Kuna kifaa kingine chepesi cha safari, ukubwa wa sabuni ya kipande, kinachodai kubeba wati 1600. Hakina chuma ndani. Kinakatakata mawimbi ya umeme ili wastani ushuke, na kimekusudiwa vitu vya joto visivyo na bodi, kwa dakika chache. Ukiweka blenda au kitu chenye kioo cha namba, unakiharibu.

Dukani fanya haya kabla ya kulipa:

1. Angalia plagi ya kuingilia na tundu la kutokea. Vyote viwe na pini ya tatu, ile ya waya wa ardhi. Transfoma yenye plagi ya meno mawili na tundu la matatu inakudanganya. Tundu la tatu halijaunganishwa popote.
2. Tafuta fyuzi au kikatio cha kubonyeza pembeni yake. Isiyo nacho, iache.
3. Mwambie muuzaji aichomeke, na upime kwa multimita, yaani kipima volti, kwenye tundu la kutokea. Bila mzigo, 110 mpaka 120 ni sawa. Ikizidi 127, rudisha.
4. Iache ikiwa imewashwa dakika 15 bila mzigo, uishike. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa ya moto bila kufanya kazi yoyote, ukiipa kazi itakuwaje?

Nyingi sokoni ni za koili moja iliyotobolewa katikati, ambapo upande wa 230 na wa 110 unashirikiana waya mmoja. Ni nyepesi na nafuu, na zinafaa, kwa sharti moja: soketi ya ukutani iwe imeunganishwa sawa. Soketi ikiwa na moto mahali pa nyutro, jambo lisilo adimu kwenye nyumba zilizofungwa umeme kwa haraka, chombo kitapata volti 115 zake na kitafanya kazi bila malalamiko, lakini waya wake unaodhaniwa ni nyutro utakuwa na volti 230 dhidi ya sakafu. Ukizima kwa swichi ya chombo, ndani bado kuna moto. Kwa tosta, ambayo watu huchokoa mkate kwa kisu, hiyo ni ajali inayosubiri siku. Chukua testa ya bisibisi. Ukiwa umeitazama soketi na tundu la ardhi likiwa juu, tundu la kulia ndilo linalopaswa kuwasha taa. Likiwasha la kushoto, ita fundi kwanza.

Hatua ya 4: Kuiweka na kuijaribu

Mahali pake ni kwenye rafu kavu, mbali na sinki na mvuke wa sufuria, na nafasi ya sentimita kumi kila upande ipumue. Usiifunike kitambaa, hata kiwe kizuri cha kufumwa. Usiiweke sakafuni jikoni, kwa sababu maji ya kudeki yataifikia siku moja.

Ichomeke ukutani moja kwa moja. Ekstensheni nyembamba za maduka ya jumla zina waya wa kubeba ampea chache, na transfoma ya wati 2000 ikiwa na mzigo kamili inavuta karibu ampea 9. Upande wa pili ni zaidi: wati 2000 kwa volti 110 ni ampea 18. Ndiyo maana waya wa kurefusha upande wa 110 ni wazo baya kuliko wote.

Utaratibu wa kuwasha ni huu. Chombo kiwe kimezimwa kwenye swichi yake na plagi yake imetolewa. Washa transfoma. Pima volti. Chomeka chombo, halafu kiwashe kwa spidi ya chini kabisa, bila kitu ndani. Sekunde thelathini. Sikiliza: mngurumo mdogo kutoka kwenye transfoma ni kawaida, mtetemo wa kugongagonga si kawaida. Zima, nusa matundu ya hewa. Harufu hafifu ya vanishi siku ya kwanza hutokea kwa vitu vipya. Harufu ya kuungua ikija, acha hapohapo. Ukiridhika, fanya kazi halisi kwa dakika kumi na uweke kiganja juu ya transfoma. Ukiweza kukiacha sekunde kumi bila kukiondoa, iko salama.

Sakiti breka ikidondoka kila unapowasha transfoma, hata bila mzigo, usikimbilie kuilaumu. Chuma kikubwa kinapoamshwa huvuta umeme mwingi kwa nukta moja. Zima na uwashe tena. Mara nyingi hupita. Ikidondoka kila mara, mwombe fundi akuwekee breka ya aina inayovumilia mshtuko wa kuanza, ya ampea zilezile. Kubwa zaidi hapana, kwa sababu waya wa ukutani haujabadilika.

Jambo ambalo wengi hawalijui: transfoma haisawazishi umeme. Inagawa kwa mbili chochote inachopewa. Umeme wa mtaa ukishuka hadi 180 jioni, chombo kitapata 90. Ukipanda hadi 260, kitapata 130. Kama kwenu umeme unapanda na kushuka, weka kile kilinzi kinachouzwa kwa ajili ya friji kati ya ukuta na transfoma. Kinakata volti zikivuka mipaka, na umeme ukirudi baada ya kukatika kinasubiri dakika chache kabla ya kuruhusu.

Kila siku

Izime ukutani ukimaliza. Transfoma iliyowashwa bila kazi hula wati 20 hivi. Kwa siku ni karibu nusu yuniti, kwa mwezi yuniti 14, na mita ya LUKU haiulizi kama ulikuwa unakanda unga au la.

Plagi ya Kimarekani ya chombo usiikate. Hili tunalisisitiza kwa sababu mafundi wengi hutaka kukusaidia kwa kuweka plagi ya meno matatu bapa. Plagi ile ngeni ndiyo mlinzi wa chombo: haiingii ukutani. Ukiibadilisha, siku haupo nyumbani, dada wa kazi au shangazi aliyekuja kukusaidia shughuli ataichomeka ukutani, na kosa halitakuwa lake. Kwa sababu hiyohiyo ondoa jikoni adapta zote za safari. Andika 110 kwa rangi ya kucha nyekundu kwenye chombo na kwenye transfoma, na waya mfupi wa chombo usifike kwenye soketi ya ukutani.

Kwenye jenereta ndogo na inveta ya sola, angalia kwanza. Inveta za bei nafuu hutoa mawimbi ya ngazi badala ya ya mviringo, na transfoma juu yake inalia na kupata moto. Inveta ya mawimbi halisi haina shida hiyo, ila izidi wati za transfoma, kwa ajili ya ule mshtuko wa kuanza.

Vyombo vya Ulaya: volti sawa, plagi tofauti

Hapa hakuna transfoma. Birika la Ujerumani la wati 2200 lina volti zetu na linavuta ampea 9.6. Kinachounguza ni kiunganishi. Adapta nyingi za soko zimeandikwa 6A au 10A kwa herufi ndogo, na hazina mguso wa ardhi kwa plagi nene za Ulaya, ambazo ardhi yake iko pembeni. Birika la chuma bila waya wa ardhi likivuja umeme, mwili wako ndio njia.

Mbaya zaidi ni ile desturi ya kuchomeka kalamu, kijiti au bisibisi kwenye tundu la juu ili milango ya soketi ifunguke, kisha kusukuma meno mawili ya duara chini yake. Inaingia, ndiyo. Lakini vibati vya ndani ya soketi vimetengenezwa kwa jino bapa. Jino la duara hugusa kwa mstari mwembamba, linapiga cheche, plastiki inageuka kahawia, na baada ya muda hata plagi halali inalegea na haishiki sawasawa.

Dawa ni kukata plagi ya Ulaya na kufunga ya ampea 13:

1. Hakikisha kibati kinasema 220–240V. Soma tena.
2. Chuna ganda la nje sentimita nne hivi. Ndani kuna kahawia (moto), bluu (nyutro) na kijani-njano (ardhi).
3. Plagi ikiwa wazi mbele yako, pini ndefu juu: bluu kushoto, kahawia kulia kwenye fyuzi, kijani-njano juu. Waya wa ardhi uache mrefu kidogo kuliko wenzake, ili ukivutwa uwe wa mwisho kung'oka.
4. Kibanio kibane ganda la nje, si nyaya za rangi.
5. Fyuzi: chini ya wati 700 weka ya ampea 3, nyekundu. Zaidi ya hapo, ya 13, kahawia. Plagi mpya huja na 13 ndani, na blenda ya wati 300 haihitaji hiyo.

Ukikutana na waya wa Marekani wakati wa kutengeneza chombo, jihadhari na rangi. Kwao mweusi ni wa moto, mweupe ni nyutro, kijani ni ardhi. Fundi aliyezoea nyumba za zamani za kwetu, ambapo mwekundu ni moto na mweusi ni nyutro, ataugeuza bila kujua. Waya bapa usio na rangi nao una alama: upande wenye mistari ya kukwaruza kidole ni nyutro, laini ni moto.

Kimeshachomekwa kwenye 230. Sasa?

Chomoa. Usijaribu tena "kuona kama kimepona" kwa transfoma kabla ya kukifungua.

Chenye bodi ya namba mara nyingi kinaokoka. Kwenye mlango wa umeme wa bodi kuna kidude cha duara bapa, bluu au cheusi, kama kifungo cha shati, na jirani yake kuna fyuzi. Volti zikizidi, kidude hicho hujifunga na kuikata fyuzi, kinakufa ili bodi ipone. Kikiwa kimepasuka au kina masizi, fundi wa redio anavibadilisha vyote viwili kwa dakika chache, kwa namba zilezile zilizoandikwa juu yake. Kama kapasita kubwa imevimba kichwa au imetema maji yenye harufu mbaya, nayo ibadilishwe. Ilipimwa kwa volti 200, na umeme wetu ukigeuzwa kuwa mnyoofu unafika 325.

Jiko la wali au jungu la presha lililokufa ghafla linaweza kuwa limekatika fyuzi ya joto tu, kile kirisasi kidogo kilichovikwa mrija mweupe karibu na elementi. Bei yake ni ndogo. Ibadilishwe kwa ile yenye nyuzijoto na ampea zilezile. Fundi akikuambia ataiunganisha waya "moja kwa moja", kichukue chombo chako uondoke. Kile ndicho kinachozuia sufuria kuwaka moto siku swichi ya joto itakapokwama.

Blenda iliyotoa moshi mwingi imeungua koili. Kusuka upya kunawezekana, na fundi mzuri anaweza kuisuka kwa volti 230 kabisa, ila ulizia bei kabla, ukilinganisha na blenda mpya.

Maikrowevu usiifungue mwenyewe hata ikiwa imechomolewa. Kapasita yake hushika zaidi ya volti 2000 baada ya umeme kukatwa, na hiyo haikuchomi tu, inaweza kuua.

Kwa anayehamia Marekani na birika lake la Nairobi la wati 2200: halitaungua. Kwa volti 120 litatoa wati 550 hivi, na chai ya watu wanne itachukua karibu mara nne ya muda uliouzoea. Blenda ya volti 240 kule itazunguka kwa uvivu na kukwama kwenye embe lililoganda. Kupandisha volti kunahitaji transfoma ya kupandisha, na hesabu zake za wati ni zilezile za hatua ya 3.